Mwalimu Laurenti Ernesti na Siku Yake ya Amani

Mpendwa wetu Mwalimu Laurenti Ernesti alizaliwa tarehe 10 Agosti 1953, siku ya Mtakatifu Laurenti, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge karibu na Muheza. Mdogo wake wa pekee, Wilfred, alizaliwa miaka minne baadaye, na walikua wakilala kitanda kimoja.

Alisoma shule ya msingi Muheza na sekondari Tanga mjini, akahitimu ualimu mwaka 1975. Tangu hapo hadi alipostaafu mwaka 2013 alifundisha Historia na Uraia hapa Chumbageni. Wengi mliopo mmepita mikononi mwake, na masikio yenu yanakumbuka alivyoyavuta.

Mwaka 1980 alifunga ndoa na mama yetu, Anastazia, wakajaliwa watoto watatu.

Kitu alichokipenda mno ni Siku ya Amani Duniani. Tangu mwaka 2002, kila tarehe 21 Septemba, wanafunzi wake walizunguka mitaa na vitambaa vyeupe, na saa sita mchana wote wakanyamaza dakika moja kwa ajili ya nchi zenye vita. Mwaka wa kwanza alimchapa mwanafunzi aliyecheka katika dakika hiyo. Alipotambua alichokifanya, alicheka yeye, akamwomba radhi mbele ya wote. Tangu hapo, kila siku hiyo ilipofika, fimbo ilibaki ofisini.

Hatutaficha, maana hata yeye hakuficha. Mwaka 2009 Baba na Baba Mdogo Wilfred waligombania mpaka wa shamba la michungwa waliloachiwa na baba yao. Hawakusemezana tena. Kanisani Baba alikaa upande wa kushoto, Baba Mdogo wa kulia, ili padre akisema tupeane amani, mikono yao isikutane.

Mama alimwambia, "Baba Beatrisi, unawaombea watu wa mbali hata majina huwajui. Wa tumbo moja nawe yuko hapo upande wa pili wa kanisa."

"Mimi ndiye mkubwa," Baba alijibu. "Aje yeye anisalimu."

Mwaka 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Kifo hakukiogopa. Aliogopa kuondoka bila kusemezana na mdogo wake, na hilo lilimkosesha raha kuliko maumivu. Mwaka huu tarehe 21 Septemba iliangukia Jumapili. Hakuwa na nguvu, lakini alitaka apelekwe misa. Padre aliposema tupeane amani, Baba alishika mkongojo wake akaanza kuvuka. Nilitaka kumshika, akakataa. Kabla hajafika katikati, Baba Mdogo alikuwa ameshatoka kwenye benchi lake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nimechoka, Wilfred. Nishike."

Akamshika, wakaketi pamoja upande wa kulia, na misa ikaendelea.

Tangu siku hiyo Baba Mdogo ndiye aliyemwogesha na kumlisha, hadi Baba alipofariki nyumbani alfajiri ya Jumamosi, tarehe 4 Oktoba 2025.

Marehemu ameacha mjane, Anastazia, watoto, Beatrisi, mimi Edgar ninayesoma, na Precious, wajukuu watano, na mdogo wake Wilfred, ambaye leo kanisani amekaa upande wa kushoto, nafasi ya Baba.

Mungu ampe Mwalimu wetu ile amani aliyotuombea sote.