Pepo Aliyerudi na Chapati

Haleluya, wapendwa! Bwana yu hai, nami niko hai!

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, shule niliacha darasa la nne, na leo nina nyumba yangu hapa Louisville, Marekani, na ghalani Okolona naongoza zamu nzima. Siku natoka kambini niliapa: ugali wa mgao, basi! Nitakula chapati kila siku kama mtu wa harusini. Nikala miaka kumi na miwili.

Ndugu zangu, tumbo likaanza vita! Kuharisha, kuvimba, mwili kukauka. Mkanda nikautoboa matundu manne mapya. Boksi la kilo kumi linanishinda, mimi! Bosi akasema zamu atampa mwingine. Nikajua huyu ni pepo, katumwa na wenye wivu. Na wenye kunionea wivu ni wengi.

Nikaenda Columbus kwenye maombi ya kufunga siku tatu. Siku ya tatu, tumbo kimya! Nikaruka, nikashuhudia. Tukafungua kwa chai na chapati, nikala sita. Kesho yake, pepo yule yule! Nikafunga tena, akatoka. Nikafungua kwa chapati, akarudi. Mara nne, ndugu zangu!

Dada Makena, nesi Mkenya aliyekuwa akigawa chai, akanicheka.

"Baba Furaha, hii pepo yako iko na ratiba? Ikisikia chapati inarudi!"

"Usimtanie mgonjwa, dada."

"Sikutanii. Enda upimwe damu. Na usiache ngano kabla ya kupimwa, ugonjwa utajificha."

Damu ikapimwa, kamera ikaingia tumboni. Daktari akasema ni siliaki: mwili unapigana na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, utumbo ndio unaoumia. Karibu mtu mmoja katika kila mia anao, na wengi hawajui. Nikajisifu, hata kwa ugonjwa mimi ni mmoja kati ya mia! Akasema ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Dada yangu wa Buffalo, tuliyemwita mvivu miaka yote kwa kuchoka kwake, akapimwa: anao! Tulilia kwenye simu, tukacheka. Hapo, nakiri, nilishangaa.

Kanisani kwetu tuko mia tatu. Hebu hesabuni wenyewe!

Leo ngano nimeacha, kilo zangu zimerudi, zamu ni yangu. Wewe unayeumwa, mwamini Bwana, funga, omba, halafu kapimwe. Hata nesi ni mkono wake. Na dawa yangu? Ugali ule ule nilioukataa kwa kiapo! Mfuko wa unga wa mahindi, dola sita na senti arobaini na tisa.