Chotara Alivyozimika Ukingoni mwa Laga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena na ninyi mliokaa kule nyuma mlangoni mkitafuta upepo! Joto la Garissa nalijua, sitawaweka sana. Mimi ni Mama Mumbua, yule wa mandazi karibu na soko la mbuzi. Wengi wenu mnanijua kwa mandazi, lakini leo nataka mnijue kwa jambo ambalo Mungu alinitendea.

Mimi na mume wangu Mutua tulitoka Mwingi tukiwa tumeoana juzi tu, tukaja huku kutafuta maisha. Hatukukaa mjini. Tulipanga chumba katika kituo kidogo kwenye barabara ya Hulugho. Mimi nilipika chai na mandazi, yeye alibeba mizigo na watu kuja Garissa na kurudi. Alibeba kwa gari lake mwenyewe, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia!

Aliyetuuzia alisema ni pikapu. Sawa, kwa nje ilikuwa pikapu. Lakini ukifungua boneti unakuta injini ya lori dogo, imebanwa humo kama baba mtu aliyevaa shati la mwanawe. Giaboksi ilitoka kwa gari la tatu, na lipi hasa, hakuna aliyejua. Watu wa kituo waliliona mara moja tu wakalipa jina: Chotara.

Ndugu zangu, mwenye gari la kawaida likiharibika anaenda dukani anaomba spea. Sisi tukienda, mwenye duka anauliza, "Ni ya gari gani?" Mutua anaanza kujikuna kichwa. Akisema pikapu, anapewa kitu kisichoingia kwenye injini. Akisema lori, kinaingia kwenye injini lakini hakifiki kwenye rejeta. Basi kila kitu lazima kipelekwe kwa fundi kichongwe, kichomelewe, kirefushwe. Na fundi kabla hajashika spana anaita kwanza wenzake waje waone! Wanacheka weee, halafu kicheko chao nacho kinatiwa kwenye bei.

Kilichoingia kwa safari kilitoka kwa matengenezo. Cherehani niliyopewa na mama yangu iliishia kwenye klachi. Mbuzi wangu waliishia kwenye giaboksi. Na moshi je! Chotara alifuka kama jiko la kuni mbichi. Jirani yetu Msomali alikuwa akiniambia, "Mama, bandika chai, bwana yako nakuja, nimeona moshi." Wachunga ngamia walikuwa wakimpigia kelele njiani, "Inafuka! Inafuka!" naye Mutua anawapungia mkono na kucheka. Alilipenda gari lile. Mimi nililichukia, nawaambia ukweli mbele ya madhabahu hii. Jioni tukipiga magoti, yeye anaomba kwa sauti, "Bwana, lipe gari letu uzima." Mimi moyoni naomba, "Bwana, lichukue." Sijui Mungu alitusikilizaje sisi wawili wa kitanda kimoja!

Lakini gari halikuwa kidonda changu. Kidonda changu ni hiki. Nilikuwa nimezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alitoka kimya. Wa kwanza tulimzika Mwingi, wa pili huku huku kwenye mchanga. Mama zangu mlioko hapa, ninyi mnajua. Maziwa yanakuja na hakuna wa kuyanyonya. Unafunga kifua kwa leso, unarudi kukanda unga.

Daktari aliniambia nikishika mimba nyingine nisizalie mbali, nije mjini mapema nikae karibu na hospitali. Mungu akanipa ya tatu. Tukaweka akiba ya chumba cha kupanga mjini. Na akiba ile, Bwana anajua, ililiwa na pampu ya maji ya Chotara! Nililia siku hiyo. Mutua alikaa kando yangu, mikono imejaa grisi, hakujua aiweke wapi. Akaniambia, "Siku yako ikifika, Chotara atakufikisha. Nakuahidi." Nikamjibu kwamba gari lisiloweza kujifikisha lenyewe haliwezi kumfikisha mtu.

Ikaja ile mvua ya El Nino. Barabara zikawa uji. Na katikati ya mvua ile, asubuhi moja, uchungu ukanishika kabla ya wakati wake. Mutua alitandika godoro nyuma ya pikapu, kisha akabadili mawazo akaniweka mbele kando yake, akanifunika koti lake. Tukaondoka. Alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja, mkono mwingine umenishika goti.

Tulienda polepole kwenye matope, uchungu ukija na kuondoka, mpaka tukafika kwenye laga. Wageni wasiojua laga, huo ni mto wa mchanga mtupu, unakauka mwaka mzima ukasahau kama ni mto. Upande ule siku hiyo mvua haikuwa imenyesha. Jua lilikuwa linawaka, mchanga mweupe mpaka ng'ambo. Nilishukuru! Nilisema moyoni, tukishavuka hapa, Garissa si mbali tena.

Ukingoni alisimama bibi mmoja wa Kisomali na mbuzi wake. Alipotuona akainua fimbo, akaja mbele ya gari akipiga kelele.

"Habana fuka! Gari habana fuka!"

Ndugu zangu, hata huko, na hali niliyokuwa nayo, bado tunataniwa kwa moshi! Mutua alitoa kichwa dirishani akamwambia kwa adabu, "Ayeeyo, hata mimi nataka isifuke. Niombee tu." Ayeeyo ni kusema nyanya kwa lugha yao. Bibi akazidi, "Habana! Habana fuka!" akanyoosha fimbo kule laga inakotoka. Tukatazama. Hakukuwa na kitu, mchanga tu na miiba. Mutua akamkwepa taratibu, akaelekeza pua ya gari mteremkoni.

Na hapo, kabla gurudumu halijagusa mchanga, tukasikia mlio chini ya boneti. Mpira wa rejeta umepasuka! Mvuke ukafunika kioo, injini ikakohoa, ikazimika. Kimya.

Nililia, ndugu zangu. Nililia kwa sauti kubwa. Nilimwambia Mungu, "Miaka yote nakuomba ulichukue gari hili, umengoja leo?" Mutua alitoka akashika kifuniko cha rejeta kwa mikono mitupu, akaungua, wala hakuonekana kusikia maumivu. Alirudi kwenye dirisha langu akasimama, na machozi yanamtoka. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye yale makaburi mawili madogo. Alisema, "Nilikuahidi." Alisema hilo tu. Na mimi niliyemsema kila siku, siku hiyo nilimhurumia mpaka nikasahau uchungu. Nikamfuta uso kwa leso yangu.

Yule bibi alikuwa anabeba mawe. Anabeba moja, analiweka mbele ya gurudumu, anarudi kuchukua jingine. Nilidhani anatusaidia gari lisiserereke. Alipomaliza akaja akanitazama tumbo, akanitazama uso, akafungua mlango. "Shuka, mama. Shuka, biti hapa juu." Tukaanza kupanda, yeye ananishika huku, Mutua ananishika huku.

Hatujafika mbali nikasikia mngurumo. Nikasema, asante Yesu, lori! Mutua akageuka. Nikaona uso wake unabadilika.

Yalikuwa maji. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu, na maji yalishuka katika ile laga kavu kama ukuta wa matope, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Palipokuwa mchanga mweupe sasa pakawa na mto unaochemka, ukiishia hatua chache tu chini ya Chotara. Tungekuwa katikati! Ndugu zangu, gari lingekuwa zima tungekuwa katikati kabisa!

Bibi akatikisa kichwa akasema bila hasira, "Nimesema. Gari habana fuka. Maji nakuja."

Hapo ndipo masikio yangu yalipofunguka. Mimi niliyeishi na Wasomali miaka, ninayejua kwamba V yao hutoka F, na P yao hutoka B! Mama yule hakuwa na habari na moshi wetu. Alikuwa anatuambia tusivuke, na yale mawe alikuwa anatuzibia njia! Tumezoea kuchekwa mpaka mtu anatuokoa nafsi, nasi tunasikia utani. Haleluya!

Uchungu haukungoja maji yapungue. Ayeeyo alinipeleka kwenye nyumba yake ya mikeka, akamwambia Mutua akae nje. Hospitali niliyoililia ilikuwa ng'ambo ya mto ule, na mimi nilikuwa na mwanamke nisiyejua hata jina lake, na Kiswahili chake cha sokoni. "Sukuma, mama. Bole bole. Mungu iko." Mungu iko! Nimesikia mahubiri mengi, wachungaji mnisamehe, lakini hayo ndiyo yaliyonishika mkono.

Mtoto akatoka. Na akatoka kimya.

Ndugu zangu, kimya kile nakijua. Nilifumba macho. Nilikuwa tayari nimeanza kuaga. Lakini Ayeeyo hakuaga. Alimwinamisha mtoto, akamtoa ute mdomoni kwa kidole, akamsugua mgongo, akampulizia. Alikuwa akisema "Bismillahi, Bismillahi," na mimi nikaita "Yesu, Yesu," kila mmoja kwa lugha aliyofundishwa kwao. Nje namsikia Mutua, hata kuomba hawezi, anarudia jina langu tu. Ayeeyo akapuliza tena.

Akalia! Mwanangu akalia! Sauti nyembamba, halafu kubwa, halafu kubwa zaidi! Mutua akaanguka magoti pale mlangoni, hakuingia kwa heshima ya wanawake, akalia naye kama mtoto wa pili. Ayeeyo akacheka kwa mara ya kwanza, akaniwekea binti yangu kifuani, akasema, "Ngufu iko. Huyu mtu kelele." Tulimwita Mumbua, jina letu sisi Wakamba la mtoto wa mvua.

Tulikaa kwa Ayeeyo mpaka maji yakapungua, akininywesha maziwa ya ngamia na chai ya tangawizi. Hakutaka malipo, alitaka tu kumshika mtoto. Mutua alifunga ule mpira kwa vipande vya tyubu, akajaza rejeta, na Chotara akatufikisha Garissa, akifuka njia nzima. Daktari akampima Mumbua akasema ni mzima. Baadaye tulilitenganisha gari. Injini sasa inavuta maji kwenye shamba la ndizi huko ukingoni mwa Tana, na ndani ya bodi wanalala kuku wa jirani. Mnaweza kuamini ni nani aliyelia siku lilipoondoka? Ni mimi!

Ndugu yangu, dada yangu, labda na wewe umekwama leo. Kitu ulichokitegemea kimezimika njiani, na wewe una haraka kuliko watu wote. Sikuambii usilie, mimi nililia. Nakuambia mtegemee Bwana na hapo hapo ulipokwama. Na akikutumia mtu wa kukuzuia, asiyesema kama wewe wala kuabudu kama wewe, msikilize vizuri. Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu aliyekaa pale, na Ayeeyo, ambaye tunaenda kumsalimia kila kiangazi.

Namaliza. Namwona mzee wa kanisa ananiashiria kwa mkono nimnyamazishe huyu msichana anayepiga kelele kati ya viti. Mzee, nisamehe. Huyo ndiye Mumbua. Mwacheni leo apige. Amina.