Mita Sita za Mama Futi

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Futi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1956 katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na ukuta wa hospitali. Baba yake alikuwa seremala, mama yake fundi cherehani. Futi ya kwanza aliyoishika ilikuwa ya mama yake. Kabla hajajua kusoma alikuwa ameshapima meza, mlango na mdogo wake wa kike, ambaye yupo hapa leo na anasema alipimwa mara nyingi kuliko gauni la harusi.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana hadi 1974. Katika chuo cha ardhi alikuwa msichana pekee kwenye darasa la watu ishirini na sita, na mwaka 1978 alihitimu stashahada ya mipango miji. Mkufunzi wake aliandika kwenye ripoti ya mwisho: “Ana mkono mzuri wa kuchora, ila anabishana na ramani.” Karatasi hiyo aliitia kwenye fremu.

Tarehe 2 Oktoba 1978 aliajiriwa na idara ya mipango ya manispaa, akakaa humo miaka thelathini na minane. Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu. Mwalimu alikuwa amepata nyumba ya kupanga na kununua kitanda. Bibi harusi mtarajiwa alikwenda kuikagua, akatoa futi mlangoni na kusema, “Mwenzangu, hiki kitanda hakiingii.” Mwalimu akajibu kwamba yeye ndiye anayefundisha hesabu. Kitanda kiliingilia dirishani, baada ya dirisha kung’olewa. Walijaliwa watoto wawili.

Kazi iliyompa jina ilianza mwaka 2009. Hospitali ilihitaji wodi ya wazazi na njia ya gari la wagonjwa, ikaomba nyumba kumi na nane za jirani ziondolewe. Wenye maduka wakataka nyumba hizohizo ziwe maduka. Wakazi wakataka kuachwa walipo, na pipa la taka za hospitali liondoke karibu na majiko yao. Kwenye mkutano wa kwanza, mama mmoja wa nyumba ya saba alimgeukia mganga mkuu: “Daktari, mkishatuhamisha sote, mtamtibu nani?”

Mama Futi hakumpa mtu yeyote kila alichotaka. Wodi ilipanda juu ghorofa moja badala ya kutanuka. Nyumba zilibaki, pipa likahamia nyuma ya chumba cha kufulia. Maduka yalibaki mbele, na kati ya maduka na nyumba ikachorwa njia ya mita sita. Ving’ora vingezimwa humo, watoto wa wakazi walale. Wote walitia saini, wote wakinung’unika.

Njia ilifunguliwa Jumatatu, tarehe 5 Oktoba 2009. Saa nne asubuhi gari la wagonjwa lilikwama katikati, likiwa na mama mwenye uchungu. Milango ya maduka ilifungukia nje, meza za bidhaa zilikuwa barabarani, na mita sita zilibaki mbili kasoro. Wenye maduka walimbeba yule mama kwa machela hadi wodini, na mtoto akazaliwa salama. Jioni Mama Futi alisimama mbele ya mkutano.

“Nilipima Jumapili,” alisema. “Maduka yalikuwa yamefungwa. Kosa ni langu, si la dereva wala la mwenye duka.”

Jumamosi iliyofuata, siku yenye watu wengi kuliko zote, alirudi na futi na rangi nyeupe. Alimlaza mwalimu, mume wake, kwenye machela, akaamuru apitishwe njia nzima mara tatu huku biashara ikiendelea. Kila machela ilipogusa kitu, kitu hicho kilirudi nyuma, na mstari ukapigwa hapo. Milango ikageuzwa kufungukia ndani. Tangu siku hiyo hakupima tena mahali palipolala.

Machi 2022 figo zake zilishindwa. Mara mbili kwa wiki alikwenda hospitalini kusafishwa damu, kwa miguu, kupitia njia yake, akigonga kwa fimbo kila kiti kilichovuka mstari. Oktoba iliyopita wenye maduka waliomba njia ipunguzwe hadi mita nne ili wajenge vibanda. Akiwa kitandani aliandika pingamizi la kurasa tisa, lenye vipimo vya Jumamosi nne. Shauri lilipangwa tarehe 20 Februari. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Jumatano mwenyekiti wa wenye maduka, muuza vyuma, alifika msibani. Akamuuliza mwalimu: “Shemeji, jeneza na wabebaji vitachukua upana gani?”

“Mita moja na nusu.”

“Unaona? Hata mita nne zingetosha.”

“Na gari la wagonjwa likija tukiwa tunapita?”

Muuza vyuma alitazama miguu yake. “Huyu mama,” alisema, “hata akifa anabishana.” Alhamisi asubuhi alikwenda manispaa kuondoa ombi.

Mama Futi ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu na mdogo wake wa kike.

Leo ni Jumamosi. Maduka hayatafungwa, familia ndiyo iliyoomba hivyo. Msafara utaondoka nyumbani saa tano kamili na kupita katika njia ya mita sita. Waombolezaji wote mnaombwa kutembea upande wa kushoto. Upande wa kulia uachwe wazi.

Mama Futi apumzike kwa amani. Njia yake tutailinda sisi.