Maji Aliyolipia Teresia Kagure

Shilingi elfu ishirini na nne alizotangaza Gitari, Mwenyekiti wa mradi wa maji, jana kwenye mkutano wa mazishi, mkapiga makofi, si rambirambi, ni pesa za marehemu mwenyewe, alizoulipa mradi huo mwaka 2016 ili avutiwe bomba, na kaka yake Mutugi, anayewasomea haya, alizirudisha palepale, naye Mwenyekiti akamwambia apunguze moto, huku si kwao Kibugu. Basi historia hii itasomwa yote, hata ile sehemu tuliyoombwa tuiruke.

Marehemu Teresia Kagure alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, Kibugu, mtoto wa nne wa wakulima wa majani chai, mahali ambapo maji hupita nyuma ya jikoni mwaka mzima, akasoma hukohuko hadi darasa la nane mwaka 1986, karo ya sekondari ikakosekana, akajifunza cherehani, na tangu 1990 alishona sare za shule sokoni Siakago, na ukimletea kitambaa kibovu alikuambia mbele ya watu. Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na Ndambiri, hapa Siakago, wakajaliwa watoto watatu, ndio hao mbele yenu na baba yao.

Februari 2019 alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi, tarehe 6 Mei akaanza kutundikiwa dawa mjini Meru, na daktari, mtu mkweli, akamweleza kwamba dawa hiyo hutoka mwilini kupitia figo na inaweza kuziunguza, kwa hiyo atatundikiwa maji kabla na baada, na akirudi nyumbani anywe maji mengi, hata kama hana kiu. Nyumbani ni maji ya kisima, yana chumvi, akiyameza anayatapika, na maji matamu yanayoletwa kwa punda yalipatikana siku moja yakakosekana mbili, Ndambiri akamwendea Mwenyekiti mara tatu kuuliza bomba, akajibiwa, mwambie mama anywe uji, bomba liko njiani.

Uvimbe ulikuwa unanywea, jamani, dawa ilikuwa inafanya kazi, lakini mwezi wa Julai vipimo vya damu vikaonyesha figo zimeshindwa, dawa ikasimamishwa, akawa anasafishwa damu Embu mara mbili kwa wiki, miguu imevimba hadi hakuna kiatu kilichomwingia, na alfajiri ya tarehe 22 Agosti 2019 akatuacha. Daktari alisema figo zingeweza kuumia hata maji yakiwepo, nasi hatumsingizii mtu, lakini maji hayakuwepo, na kulijua hilo hakuhitaji daktari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Meru na Embu, majirani waliompa mitungi yao wakalala na kiu, na mafundi wenzake waliomaliza sare alizoziacha mezani. Teresia, pumzika kwa amani, wewe ulidai kwa adabu miaka mitatu.

Mwenyekiti, pesa hatupokei. Tunadai bomba, lifike mlangoni kwa Ndambiri.