Vitabu Nilivyomsomea Mume Wangu

Wakubwa wangu shikamooni, na ninyi wengine habari za mchana. Mwenyekiti wetu aliponiomba nije niwaambie wasomaji wenzangu ni vitabu gani nilivipenda mwaka huu uliokwisha, nilimjibu kwamba sitaweza. Akasema, "Wewe ni mwandishi, utakosaje?" Nikakubali tu, maana kueleza kulihitaji kikao kizima. Sasa kikao ndicho hiki. Nitavitaja hivyo vitabu, ila mniwie radhi, siwezi kuvitaja bila kusema nilivisoma nikiwa katika hali gani.

Wengi mnajua kwamba natokea Mkuu, Rombo. Mume wangu ni seremala. Milango ya nyumba nyingi kule kwetu ni kazi yake. Kusoma hakukuwa kwake. Tangu tuoane alikuwa ananiambia, "Soma wewe, Mama Neema, halafu utanihadithia." Nami nilikuwa nakaa karakanani namhadithia huku yeye anapiga randa. Zile riwaya zangu mbili alizijua kwa kusikia tu.

Mwaka juzi, mvua za vuli zikielekea kuisha, alianguka mle karakanani. Alikuwa peke yake, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ilibidi majirani wauvunje. Tukamleta hospitali hapa mjini, wakatuambia ni kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, mkono na mguu, na sauti nayo ikawa haitoki isipokuwa "aa, aa." Daktari alikuwa mtu mkweli. Alisema, "Mama, mpeleke nyumbani. Mnyooshe viungo kila siku, mwongeleshe. Zaidi ya hapo hatuna dawa."

Nikamuuliza, "Atasema lini?"

Akasema, "Sijui."

Basi tukarudi nayo hiyo sijui mpaka nyumbani. Kila aliyekuja kutusalimia alikuja na dawa yake. Kuna aliyeleta mafuta ya kuchulia, kuna aliyeleta mizizi. Ndugu yetu mmoja anayeishi Pasua, hapa mjini, alileta chupa ya kitu cheusi kinachonuka, akaapa kwamba kilimwinua jirani yake. Nilijaribu vyote. Nilisali, nikafunga, nikasali tena. Mkono ukabaki palepale juu ya blanketi.

Ndugu zangu, nawaambia, nanyi mliowahi kuuguza mtanielewa. Kuna uchovu wa kuinua mtu, kumwosha, kumlisha mtori kijiko kwa kijiko na nusu yake kumwagika shingoni. Huo ukilala unapungua. Kuna mwingine. Mtu anakutazama, anataka kitu, na hujui ni nini. Anasema "aa." Unaleta maji, siyo. Unageuza mto, siyo. Unafungua dirisha, siyo. Mwishowe anafumba macho, anaacha. Pale anapoacha ndipo nilipokuwa ninaisha mimi.

Kuandika niliacha. Shirika lililochapisha vitabu vyangu lilikuwa limeshakufa kama mashirika mengine mengi ya wakati ule, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Kanisani nikaacha kwenda. Halafu nikaacha kuongea. Daktari alisema nimwongeleshe, lakini nimwambie nini? Kwamba jirani ameng'oa kahawa yote apande nyanya, kwa sababu bei imeanguka? Kwamba karakana imefungwa? Nilikuwa nakaa kitini pembeni ya kitanda, yeye anatazama dari, mimi natazama mlango, mpaka jua linazama.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, ndiye aliyeniambia. Alitukuta hivyo mchana mmoja. Akaweka kapu lake la ndizi chini, akasema, "Mama Neema, kama maneno yako yamekwisha, si umsomee ya wenzako?"

Nikaanza na kitabu changu mwenyewe. Msinicheke. Nilidhani atafurahi. Nilisoma kurasa chache, nikainua macho, nikamkuta amegeuza uso, ameutazama ukuta. Nikasogeza kiti upande wa pili. Akageuza tena. Iliniuma, kwa nini nidanganye. Lakini nilipokuwa nakifunga kile kitabu nikagundua kwamba, tangu aanguke, hili ndilo jambo la kwanza aliloniambia nikalielewa bila kubahatisha. Alikuwa amesema: sitaki hiki.

Kesho yake nikaleta riwaya inayomhusu bibi mmoja wa kule Ziwani anayelea wajukuu baada ya watoto wake kufa. Kitabu hicho niliazima kwenu, na ninakisifu mbele yenu wote. Kimeandikwa kwa upole, bila kuomba huruma. Mimi nililia, mwenzangu akakoroma. Baadaye nikapata kijitabu cha ufugaji nyuki, kile wanachogawa mabwana shamba. Hicho alikisikiliza kwa makini. Nilipofika kwenye kutengeneza mizinga, mbao zinavyokatwa na kuunganishwa, akasema "aa," nikaelewa kwamba nirudie. Nikarudia. Nikaona amechukua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, ameuweka kifuani, anaushikashika kama anaupasha moto. Mpaka leo sijui kama siku ile nilimtendea wema au nilimtonesha.

Sasa kitabu nilichokipenda kuliko vyote. Nilikiokota kwenye mitumba hapa mjini, siku nilipoteremka kufuata vidonge vyake. Ni hadithi ya upelelezi, jalada limefifia hata jina la mwandishi halisomeki. Mfanyabiashara wa pamba anakutwa amekufa ndani ya ghala lake, na mlango umefungwa kwa ndani. Mkewe anashukiwa, karani anashukiwa, mlinzi anashukiwa. Si kitabu cha kuwavutia wasomi. Lakini mume wangu, kila nilipoingia na bakuli la mtori, alikuwa haangalii bakuli, anaangalia kwapani kama nimekuja na kitabu. Tukawa kama tumerudi karakanani.

Tukafika mahali inspekta amewakusanya wote uani. Anasema, "Aliyemuua yumo humu." Nikageuza ukurasa. Hapakuwa na ukurasa. Zilizobaki zilikuwa zimechanwa.

Nikamwambia, "Baba Neema, kimeishia hapa."

Akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto. Akapiga tena. Nilirudi mjini kuutafuta mwisho wa ile hadithi. Nilizunguka kwa wauza vitabu wote niliowajua. Mmoja akanihurumia, akasema, "Mama, hivi havichapwi tena." Nikarudi Rombo mikono mitupu. Sikuingia ndani moja kwa moja. Nilikaa kihambani, katikati ya migomba, nikalia kama mtoto. Sikuweza kumpa mguu, sikuweza kumpa ulimi, na sasa hata kurasa chache za hadithi ya ovyo sikuweza kumpa.

Nilipoingia alikuwa ananisubiri. Nikakaa, nikasema, "Muuaji alikuwa karani."

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Basi mke wa marehemu."

Hapana.

Nikamweleza kwa kirefu jinsi mlinzi alivyopita darini. Akanitazama kwa lile jicho alilokuwa analitumia kwa mwanafunzi wa karakanani aliyekata ubao upogo. Nilicheka. Ndugu zangu, nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko changu.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Asubuhi namwosha, namnyoosha, namlisha, na kichwani natengeneza mwisho. Mchana namwambia, naye anakataa. Nikaanza kuandika kwenye karatasi ili nisijichanganye. Sikujiambia kwamba naandika. Nilikuwa natafuta mlango wa ghala ulifungwaje.

Halafu siku moja nikamwambia hivi. Kwamba hakuna aliyemuua yule bwana. Inspekta alikosea, na wale watu wote uani hawakuwa na hatia. Bwana mwenyewe alihisi mwili unamwacha, akasikia mkewe anakuja, akaufunga mlango ili mkewe asimwone akianguka.

Hakutikisa kichwa. Alinitazama kwa muda mrefu, machozi yakamtoka jicho moja, lile la upande mzima. Akaunyoosha mkono wa kushoto, akashika wangu. Nikamuuliza, "Ndivyo ilivyokuwa karakanani?" Akafumba macho na kuyafumbua. Hatukusoma tena siku ile.

Sikuja kuwaambia kwamba alipona. Hakupona. Mwezi uliopita homa ilimpiga, na sasa hata ule mkono wa kushoto umelegea. Nilimrudia yule daktari, akaniambia sijui yake ileile. Siwezi kumsaidia mume wangu kwa lile analolihitaji zaidi, wala sitaweza. Ninachoweza ni kukaa naye. Ninao mswada mpya, haujapata mchapaji na huenda usipate, lakini yeye ameusikia wote. Mahali pawili alinikatalia, nikabadilisha.

Namshukuru wifi yangu, ambaye bila yeye ningekuwa bado natazama mlango. Nawashukuru majirani walioleta maziwa bila kuuliza hali, maana nilikuwa nimechoka kuijibu. Nawashukuru ninyi mlioniazima vitabu na mkavumilia nilipochelewa kuvirudisha. Viwili vina madoa ya mtori.

Na kama kuna somo, ni hili. Ukiwa na mgonjwa asiyesema, usingoje apone ndipo uongee naye. Msomee. Akikataa kitabu, mshukuru, maana bado anachagua.

Leo anasomewa na wifi. Wifi yangu akikutana na neno gumu huliruka, na mume wangu hujua. Kwa hiyo naomba mniruhusu niwahi gari la Rombo.