Printa Iliyogoma

Muuguzi alikuwa amefumba macho ndani ya treni, lakini masikio hayafumbiki, na waliokaa mbele yake walikuwa wakibishana kama mtu na wifi yake. Mama mmoja, katibu wa shule, alipakata kompyuta kuukuu. Jirani yake, fundi kompyuta wa makamo, alikuwa akiicheka.

"Mama, huo mfumo wako wa bure, Linux, hauna watu," fundi alisema. "Kila mwaka mnatuambia mwakani ndio mwaka wake."

"Hata ukoo wetu hauna watu, na bado tupo," mama akajibu. "Mfumo mliotuzoesha umezikataa mashine zetu kumi na nane, eti zimezeeka. Mkuu akataka zitupwe. Nimeziwekea huu kwa mkono wangu, na watoto wanasoma."

"Na printa?"

Mama akakohoa. Muuguzi akafumbua jicho moja.

"Printa imegoma," mama alikiri. "Mitihani isipochapwa Ijumaa, mashine zote jalalani. Lakini sirudi nyuma, baba. Nitalala nayo, nitaamka nayo."

"Utahangaika bure. Mimi niliuweka mfumo huo, wiki moja tu nikaung'oa."

"Wiki moja! Hata mchumba hupewa muda zaidi."

Muuguzi akacheka bila kujificha tena. Treni ikasimama. Fundi, aliyekuwa amefika kituo chake, akabeba begi lake la bisibisi mpaka mlangoni, akashika nguzo huku watu wakimpita.

"Haifiki mbali hiyo," alisema. Kisha, bila kugeuka: "Printa yenyewe ya aina gani?"

Milango ikafungwa, fundi bado yumo ndani.