Lami ya Jethro

Kijiwe chetu kipo mtaa wa Malakia, mbele ya duka la spea la Lubega, pale Janepher anapopikia kahawa ya tangawizi. Mimi natengeneza simu kwenye meza ya pembeni, ndiyo maana wananiita Chaja. Lubega ni Injinia, kwa kuwa zamani alishika bendera ya kusimamisha magari barabara ya Nimule ilipokuwa ikijengwa. Ojok wa bodaboda ni Redio, na sababu utaisikia mwenyewe. Asubuhi hiyo Marial, tunayemwita Nakuru kwa sababu amekulia Kenya, alikuja na uso wa mtu aliyefiwa. Jumamosi wazee wa kina Awut, msichana anayetaka kumwoa, wanakaa kusikiliza posa yake. Baba yake Marial ni marehemu, kwa hiyo wa kumsemea ni kaka yake, Jethro, aliyeko Kanada. Kuna mwanamume mwingine anayemtaka Awut, tena mwenye ng'ombe wengi wa mahari, na wazee hawatarudi kukaa mara ya pili. Sasa Jethro ametuma sauti kwenye simu: haji. Anaweka lami.

Redio: Lami gani? Yeye iko fanya kazi ya serikali ya kule?

Nakuru: Zii, ni yake. Kutoka barabarani mpaka kwa mlango ya nyumba. Ya zamani imepasuka, anataka kuweka ingine juu kabla baridi ikuje.

Injinia: Barabara ya mtu moja?

Nakuru: Ya gari yake. Ni kama kutoka hapa mpaka kwa ile duka ya simkadi.

Redio: Mimi napeleka watu Lemon Gaba kila siku, tunaruka mashimo mpaka mgongo nauma. Yeye na gari moja iko na lami yake peke yake. Huyo amekuwa gavana. Tunafichwa.

Nikaifungulia ile sauti tena, mara ya tatu. Jethro alisema taratibu, kama anayemweleza mgonjwa: maji yanaingia kwenye nyufa, yanaganda, yanavimba, yanainua lami. Baridi ikishika, kiwanda kinafungwa na lami haipatikani tena mpaka mwakani. Mafundi wamempa wiki hii. Akiikosa, baridi itaivunja lami yote.

Injinia: Uongo. Lami inapasuliwa na jua na lori. Mimi nimekaa na hiyo kazi. Maji inaweza kuinua barabara namna gani?

Janepher: Soda ikilala kwa friza, si inapasua chupa?

Injinia: Soda iko na gesi, mama. Barabara haina gesi.

Redio: Ya kule inaweza kuwa nayo. Wanapitisha mabomba chini.

Nami, badala ya kunyamaza, nikaweka yangu. Nikasema huenda Jethro amefungwa, na hiyo lami ni adhabu, ila anaona haya kutuambia.

Nakuru: Lakini anacheka kwa hiyo voice, Chaja.

Redio: Wafungwa ya kule wanakula kuku. Kwa nini asicheke?

Tukanywa kahawa, kila mtu na kikombe chake. Nilijaribu kuiwaza barabara inayovimba kwa baridi, nikashindwa. Barafu niliyowahi kuiona mimi ni ile ya kwenye ndoo ya samaki. Kisha Injinia akaweka kikombe chini, na nikajua tumekwisha.

Injinia: Khalas, nimejua. Hiyo lami ni mahari.

Nakuru: Ya nani?

Injinia: Ya kaka yako. Ng'ombe itaishi wapi kwa ile baridi? Kwa hivyo kule unawekea baba ya msichana lami mpaka kwa mlango. Ndiyo sababu iko na wiki yake. Ukichelewa, msichana ameenda.

Nakuru: Lakini alisema ni mlango yake.

Injinia: Ukioa, mlango ya mkwe si ni yako?

Redio: Wallahi, hiyo imekaa sawa. Jumamosi waambie wazee, kaka naye iko na posa. Wataelewa.

Nakuru: Wataelewa nini, buda? Mimi mwenyewe sielewi.

Injinia: Na wewe ahidi lami. Ng'ombe inakufa. Lami inalala tu.

Hapo ndipo Awut alipotokea. Anafanya kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, na alikuwa na kizibao chake cha manjano, anapita kuelekea kazini. Alisalimia, akasikiliza habari ya Kanada mpaka mwisho, mahari na mabomba ya gesi ndani yake.

Awut: Kwa hivyo Jethro hawezi kuja kwa sababu baridi haimngojei. Si ni hivyo tu?

Injinia: Hapana, dada. Bado tunaangalia.

Awut akamgeukia Marial.

Awut: Baba yako mdogo yuko hapo tu Lemon Gaba. Umeenda kumwomba asimame akusemee Jumamosi?

Marial akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Redio. Na Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na habari.

Awut: Nimeuliza tu. Umeenda?

Nakuru: Nilikuwa nangoja Jethro.

Awut: Jethro anakimbizana na baridi. Mimi nakimbizana na ng'ombe za yule mwingine, tena peke yangu.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. Akaenda zake kazini. Janepher akaanza kukusanya vikombe bila kuuliza nani anaongeza. Niliona aibu kweli, kwa sababu tangu asubuhi tulikuwa tunamsaidia kijana wa watu kukaa badala ya kwenda Lemon Gaba. Marial alisimama, akataka kukaa, akasimama tena. Sisi watatu tukatanuka kwenye benchi, asipate pa kukaa.